Kitabu cha Shule Kinatoka kwa Nani?



Mtoto wa darasa la nne kule Vudee, au Mwembe, au hapa Same mjini, akiulizwa kitabu chake kimetoka wapi, atajibu kuwa kimetoka kwa mwalimu. Mwalimu atasema kimetoka wilayani. Wilayani watasema kimetoka Dar es Salaam. Majibu hayo yote ni ya kweli, lakini hayafiki mwisho wa njia. Kabla kitabu hakijapakiwa kwenye lori, yupo mtu aliyeamua kwamba kiwepo. Aliusoma mswada, akaukubali, akatafuta fedha za karatasi, akapanga idadi ya nakala na bei yake. Mtu huyo ndiye mchapishaji. Wengi wetu tunamchanganya na mpiga chapa, yaani mwenye mashine. Mpiga chapa hulipwa kazi yake inapokwisha. Mchapishaji hulipwa kitabu kinaponunuliwa, na kisiponunuliwa hasara ni yake.

Somo letu la safari hii linawahusu watu wawili walioifanya kazi hiyo kwa muda mrefu: Walter Bgoya wa Dar es Salaam na Henry Chakava wa Nairobi. Wote wawili waliingia katika kazi ya vitabu mwaka 1972. Mmoja alikabidhiwa shirika la umma, mwingine aliajiriwa katika tawi la kampuni ya Kiingereza. Tunawaweka pamoja kwa kuwa swali lililowakabili lilikuwa moja, nalo linatugusa hata sisi wa milimani: kampuni inayotengeneza vitabu vya watoto ni mali ya nani, na huyo mwenye mali anataka nini?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Vitabu vilikuwa mali ya misheni. Wamisionari wa UMCA walikuwa na mtambo wao wa kupiga chapa kule Unguja, na vijana wa shule yao walifundishwa kupanga herufi. Askofu Edward Steere, aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili, aliujua mtambo huo kama mkulima anavyolijua jembe lake. Hapa Upare Waadventista walifika mwaka 1903, wakajifunza Chasu na kukiandika, na Agano Jipya la Chasu likatoka mwaka 1922. Nairobi nako, Charles Richards, aliyekuja kwa kazi ya CMS na kuendesha duka lake la vitabu, ndiye aliyepewa kuongoza East African Literature Bureau ilipoanzishwa mwaka 1948. Misheni haikuuliza kama kitabu kitaleta faida. Iliuliza kama kitafundisha. Lakini pia ni misheni iliyochagua cha kufundisha, na msomaji hakuulizwa.

Baada ya misheni zikaja kampuni kutoka Uingereza: Longmans, Oxford, Macmillan, Heinemann. Hizi ziliuliza habari ya faida, tena kwa makini sana. Yafaa tuelewe hesabu yao, maana pasipo hesabu hiyo habari ya mabwana hawa wawili haieleweki.

Tuseme mchapishaji anataka kutoa nakala 3,000 za kitabu cha hadithi. (Tarakimu hizi ni za mfano tu.) Karatasi, michoro, jalada na upigaji chapa vinagharimu shilingi 2,000 kwa kila nakala. Basi ametoa shilingi 6,000,000 kabla hajauza hata kimoja. Kitabu kinauzwa shilingi 5,000 dukani. Mwenye duka anabaki na shilingi 1,500, na mwandishi anapata mrabaha wa shilingi 500. Mchapishaji anabakiwa na 3,000. Itambidi auze nakala 2,000 ndipo zile milioni sita zirudi, na hapo bado hajamlipa mhariri, pango la ofisi, wala nauli ya kupandisha mizigo mlimani. Nakala 1,000 zilizobaki ndizo zenye faida, kama mchwa na mvua hazikuzitangulia. Na fedha hiyo hairudi kwa siku moja. Huenda ikachukua miaka miwili au mitatu, na riba ya benki haimsubiri mtu.

Sasa kitazame kitabu cha kiada, kile ambacho kila mwanafunzi wa darasa fulani lazima awe nacho. Hakihitaji kutangazwa. Kinapigwa chapa kwa makumi ya maelfu, na kadiri nakala zinavyozidi ndivyo gharama ya kila moja inavyopungua. Mnunuzi anajulikana, na mwakani atanunua tena. Ndiyo sababu wachapishaji wa dunia nzima hukimbilia vitabu vya shule. Kitabu cha hesabu cha darasa la tano ndicho kinachomlisha mtunga riwaya na mshairi. Ukimnyang'anya mchapishaji kitabu cha hesabu, umemnyang'anya na riwaya, hata kama hukukusudia.

Sasa tumwangalie Ndugu Bgoya. Alizaliwa Ngara mwaka 1942, akasoma Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani wakati Wamarekani weusi walipokuwa wakidai haki zao, naye alishiriki katika harakati za wanafunzi za kupinga ubaguzi. Aliporudi nyumbani alitumika katika Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuwa mtu wa vitabu kwa ujuzi wa kazi. Lakini mwaka 1972 alifanywa mkuu wa Tanzania Publishing House, ambayo wengi waliiita TPH tu.

TPH ilianzishwa mwaka 1966 na Shirika la Maendeleo la Taifa kwa ubia na Macmillan ya Uingereza. Wazo lake lilikuwa zuri kwa kulitazama: serikali inatoa soko, yaani shule zake, Waingereza wanatoa ujuzi. Nchi nyingine za Afrika nazo ziliingia katika mapatano ya namna hiyo na kampuni ile ile. Ugumu ulikuwa kwamba anayetoa ujuzi ndiye anayeshika kalamu, na soko la shule za taifa zima ni mali kubwa kuliko ujuzi wowote. Ubia huo haukudumu, na shirika likabaki mikononi mwa taifa.

Tukumbuke miaka hiyo ilivyokuwa. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilitoka mwaka 1967, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Kufundisha kwa Kiswahili kunataka vitabu vya Kiswahili, vya hesabu, vya sayansi, vya jiografia, na vingi havikuwapo. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974 kwamba kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalijaa kabla karatasi hazijapatikana. Aliyeongoza shirika la vitabu wakati huo alikuwa na haki ya kukosa usingizi.

Jambo linalomtofautisha Bgoya na mameneja wengi wa mashirika ya umma ni kwamba hakutosheka kutoa vitabu vilivyoagizwa. Mwaka ule ule wa 1972 TPH ilitoa kitabu cha Walter Rodney, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Ilikitoa pamoja na Bogle-L'Ouverture, kampuni ndogo ya watu weusi wenye asili ya Guyana iliyokuwa London. Hakuna hata moja ya kampuni kubwa tulizozitaja iliyohusika. Mwaka 1974 zikatoka tenzi za Agostinho Neto, aliyekuwa bado anapigania uhuru wa Angola. Mwaka 1976 kikatoka kitabu cha Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, ambacho hakikuwasifu wakubwa wa nchi hata kidogo. Na huyu aliyekitoa alikuwa mtumishi wa shirika la serikali! Tunapenda kusema kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Kwa miaka kadhaa TPH ilionyesha kuwa mali ya umma yaweza kuwa na uhuru kuliko mali ya tajiri, endapo aliyekabidhiwa anajua anachokitafuta na wakubwa wake wanamwachia nafasi.

Nafasi hiyo ilibanwa zaidi na umaskini kuliko na siasa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikwisha. Karatasi ilinunuliwa nje, wino nje, vipuri nje. Kiwanda cha karatasi cha Mufindi hakikuanza kazi hadi mwaka 1985. Usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa shirika jingine, Tanzania Elimu Supplies, hivyo aliyetengeneza kitabu hakuwa na uwezo juu ya lini kitafika Gonja au Chome. Wazee waliokuwa walimu siku hizo wanakumbuka kitabu kimoja kwa wanafunzi watano au kumi, kikisomwa juu chini na wale waliokaa upande wa pili wa dawati.

Nasi tulio karibu na mpaka tulikuwa na taabu ya ziada. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mnamo Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kutoka Same hadi Himo na Holili si mbali, na Taveta ipo hapo ng'ambo tu. Lakini mpaka ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Zile kampuni za Nairobi zilizozoea kuuza Afrika Mashariki nzima zikapoteza Tanzania kwa mkupuo mmoja, nasi tukapoteza vitabu vyao. East African Literature Bureau, ile ya Bwana Richards, ikafa pamoja na Jumuiya, na Kenya ikaunda shirika lake mahali pake.

Huko Nairobi ndiko alikokuwa Henry Chakava. Alizaliwa mwaka 1946 kijijini Vokoli, sehemu za Vihiga, magharibi ya Kenya, akasoma fasihi na falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 akaajiriwa na Heinemann kuwa mhariri. Kabla miaka ya sabini haijaisha alikuwa mkurugenzi mtendaji wa tawi la Nairobi. Kampuni ilikuwa ya Waingereza. Soko la vitabu vya kiada vya shule za msingi lilishikwa kwa sehemu kubwa na mashirika ya serikali ya Kenya. Hivyo Chakava alikuwa na mabwana pande mbili, na wote wawili hawakuwa na haraka ya kutoa vitabu kwa lugha za Kiafrika.

Kisha akaletewa mswada uliomweka njia panda. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwisho wa Desemba 1977, baada ya mchezo wa Kikuyu alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Akiwa gerezani Kamiti aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Aliachiliwa Desemba 1978, na hakurudishiwa kazi yake chuoni. Nani angechapisha riwaya hiyo? Hesabu yetu ya pale juu ingesema hapana: si kitabu cha shule, ni cha lugha moja ya kabila, na mwandishi wake anaogopwa na wenye madaraka. Chakava alikubali. Alipigiwa simu za vitisho. Alivamiwa na watu wenye mapanga akajeruhiwa kidole. Mwaka 1980 riwaya hiyo, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ilitoka pamoja na ule mchezo. Nakala 5,000 za kwanza za riwaya zilikwisha katika muda wa mwezi mmoja, na kabla ya mwaka kwisha ilipigwa chapa mara mbili zaidi, nakala 5,000 kila mara. Watu walisomeana mabasini na baani. Kumbe soko lilikuwapo, ila hakuna aliyekuwa amelipelekea bidhaa.

Mimi naona hapa ndipo lilipo jambo kubwa katika maisha ya Chakava, kuliko hata ujasiri wake. Alijua hesabu. Hakuwa mtu wa kutupa fedha za kampuni kwa sababu ya hisia. Vitabu vya fasihi vilivyosomwa shule za sekondari vilimpa msingi wa kusimamia, na juu ya msingi huo akathubutu. Mchapishaji asiye na msingi hawezi kuthubutu mara mbili.

Lakini aliona pia kwamba siku yoyote mwenye kampuni kule London angeweza kuiuza kama mtu anavyouza ng'ombe mnadani, pamoja na wahariri na waandishi wake. Mwaka 1992 Chakava na Wakenya wenzake wakazinunua hisa, na kampuni ikaitwa East African Educational Publishers. Vitabu vya Ngũgĩ na vya Chinua Achebe vikaanza kutolewa Nairobi na kampuni yenye wenyewe Nairobi. Aliiongoza kwa miaka mingi, akafundisha vijana wengi kazi hiyo, akafariki tarehe 8 Machi 2024.

Na Bgoya? Aliondoka TPH mwaka 1990, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakilemewa na madeni, na mwaka 1991 akaanza Mkuki na Nyota, kampuni yake mwenyewe. Tazama jinsi miaka inavyokaribiana tena. Waliingia mwaka mmoja kwa milango tofauti, na baada ya miaka ishirini hivi wakakutana mahali pamoja: aliyetoka serikalini na aliyetoka kwa Waingereza wote waliona kwamba lazima waimiliki nyumba wanayoifanyia kazi. Bgoya alikuwa pia miongoni mwa wachapishaji waliounda African Books Collective mwaka 1985, chama cha kuuza vitabu vya Afrika huko Ulaya na Marekani kwa pamoja, kwa kuwa mmoja mmoja hakuna aliyemudu gharama. Ni ushirika kama ule wa kahawa, ila wa vitabu. Na mwaka 2020 Mkuki na Nyota ilitoa maisha ya Mwalimu Nyerere katika mabuku matatu, kazi ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Yule Shivji wa mwaka 1976 alikuwa bado anachapishwa na mtu yule yule.

Katika miaka ya 1990 serikali yetu ililegeza kamba. Kampuni binafsi zikaruhusiwa kuandika vitabu vya kiada, kamati ikavikagua, na shule zikachagua. Wachapishaji wa Kitanzania wakapata ile mashine ya faida tuliyoieleza. Walakini uhuru huo ulikuja na uchafu wake. Vitabu vingine vilijaa makosa, na somo moja liliweza kuwa na vitabu vitano visivyoafikiana. Malalamiko yakafika Bungeni. Mwaka 2013 kamati ya ukaguzi ikavunjwa, na kazi ya kitabu cha kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Sitaki kuupuuza utaratibu huu. Mtoto wa Suji na mtoto wa Upanga kusoma kitabu kimoja ni haki ambayo wazee wetu waliitafuta sana. Na mzazi aliyelima tangawizi Mamba haombwi tena anunue kitabu kipya kila mwalimu anapobadilisha mawazo. Lakini bei yake ipo, nayo hulipwa mahali tusipotazama. Kampuni iliyokuwa ikitoa riwaya, mashairi na hadithi za watoto kwa nguvu ya kitabu cha hesabu, sasa haina kitabu cha hesabu. Kilichobaki ni kitabu cha ziada na kitabu cha kusoma kwa hiari, na hicho hakina mnunuzi wa lazima. Mnunuzi wake ni mwalimu mkuu mwenye moyo, au kamati ya shule, au mzazi, au kikundi kama chenu. Asipokuwapo huyo, mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amesoma vitabu vya mtihani tu, na hajapata kukutana na kitabu alichokipenda.

Kwa vikundi vitakavyojadili somo hili, twapendekeza kazi moja ya mikono kabla ya maneno. Kila mmoja alete kitabu kimoja au viwili kutoka nyumbani, vya watoto au vya wakubwa. Fungueni kurasa za mwanzo, nyuma ya ule wenye jina, mtafute jina la mchapishaji, mji na mwaka. Andikeni ubaoni. Ni vingapi vilitoka Dar es Salaam, Nairobi, Dodoma kwa Central Tanganyika Press, London? Ni vingapi vimetolewa katika miaka kumi iliyopita? Kisha ulizaneni: kati ya vitabu hivi, kipi kilinunuliwa na mtu wa nyumba hiyo kwa fedha yake, bila kuagizwa na shule? Na shule iliyo karibu nanyi, ina kabati la vitabu vya hadithi? Ufunguo wake unakaa kwa nani, na mara ya mwisho lilifunguliwa lini?